Joto la Tanga Halina Ubaya na Slaidi

Wanaojua kwamba nasafisha mikanda ya slaidi, yaani natoa picha kwenye filamu kwa dawa, nyumbani kwangu Makorora huniuliza swali moja: kwa joto hili la Tanga unawezaje? Nawaelewa. Yeyote aliyewahi kugusa kazi ya picha hapa pwani anajua joto linavyotesa. Ila linatesa kazi nyingine, si hii. Dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida hutakiwa iwe digrii 20. Dawa ya slaidi za rangi hutakiwa iwe digrii 38. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, maji ya bomba kwangu yanatoka na digrii 29 au 30 kabla hayajaonja moto. Piga hesabu mwenyewe safari ipi ni fupi, kushuka mpaka 20 au kupanda mpaka 38.

Kazi yangu ya mchana ni ya maabara ya shule. Naandaa vifaa vya wanafunzi wa kemia, kwa hiyo kipimajoto na silinda ya kupimia si vitu vigeni mkononi mwangu. Picha nilijifunza kwa mzee aliyekuwa na studio Ngamiani. Si babu yangu wa damu, lakini wote tulimwita babu. Yeye alikuwa mtu wa nyeusi na nyeupe. Siku ya kusafisha alimtuma kijana aende Deep Sea, kwa wauza samaki, akanunue barafu, ikapondwapondwa, ikawekwa kwenye beseni kuzunguka chupa za dawa mpaka zipoe. Zilipoa, lakini kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu filamu lazima ioshwe na maji mengi, na maji mengi ni ya bomba. Utando wa filamu ukitoka kwenye baridi ukaingia ghafla kwenye vuguvugu hujikunja vikunyanzi vidogo visivyonyooka tena. Hivyo hata maji ya kuoshea yalitaka barafu. Nimebeba barafu nyingi sana ujanani.

Slaidi alizikataa kabisa. "Mjukuu wangu, hizo za rangi waachie wenye mashine," aliniambia. "Nyuzi 38 hizo, utazishika kwa mkono?" Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Na vitabu vyote nilivyosoma viliniambia vilevile, kwamba ugumu wa slaidi ni kupasha dawa na kuzuia zisipoe. Ilinichukua muda kugundua kwamba vitabu hivyo viliandikwa na watu ambao jiko lao usiku lina digrii 18.

Kwa asiyejua: slaidi ni filamu inayotoka ikiwa picha kamili, si negativu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa. Unaiinua dirishani, unamwona mtu na rangi ya shati lake. Mikanda ya slaidi za rangi inayouzwa madukani leo, iwe Ektachrome, Velvia au Provia, husafishwa kwa utaratibu mmoja unaoitwa E-6, ulioletwa na Kodak katikati ya miaka ya 1970. Ndani ya mkanda mna tabaka za chumvi za fedha, kila tabaka na rangi yake inayongoja kuamshwa. Dawa ya kwanza ni ya nyeusi na nyeupe tu, ingawa kali. Kila palipopigwa na mwanga panageuka fedha nyeusi, na hapo mkanda una negativu ya kawaida. Chumvi iliyobaki, ile ambayo mwanga haukuigusa, ndiyo itakayokuwa picha yako. Inaamshwa yote kwa pamoja. Zamani, miaka ya 1950, filamu ilitolewa kwenye tangi la kusafishia katikati ya kazi ikaangaziwa taa kali. Siku hizi dawa ndiyo inayofanya hivyo gizani. Kisha inaingia dawa ya rangi, na rangi inaota pale tu palipokuwa na chumvi iliyobaki. Mwisho blichi na fiksa zinaondoa fedha yote. Slaidi iliyokamilika haina fedha ndani yake, ni rangi tupu kwenye plastiki.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu bila kuyaelewa mtu atahangaika na mahali pasipohitaji kuhangaikiwa. Blichi na fiksa zikishamaliza kazi zimemaliza. Ukiziacha dakika mbili zaidi hakiharibiki kitu, na joto lake linaweza kuwa popote kati ya digrii 33 na 39. Dawa ya rangi inataka umakini, lakini nayo ina uvumilivu kidogo. Dawa ya kwanza haina uvumilivu hata kidogo. Ikifanya kazi kupita kiasi, chumvi inayobaki inakuwa haba, rangi inakuwa haba, na picha inatoka imepauka. Ikifanya pungufu, picha inatoka nzito, ya giza. Maelekezo ya Kodak yanairuhusu ipotoke kwa sehemu ndogo tu ya digrii moja. Kwa hiyo nguvu zangu zote, na utulivu wangu wote, ni kwa dakika zile sita au sita na nusu za mwanzo. Zikipita, mimi hata redio nafungulia.

Sasa hapo kwenye dakika sita ndipo Tanga inaponisaidia. Kitu cha moto hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti yake na hewa inayokizunguka. Chumba cha digrii 18 na maji ya 38, tofauti ni 20. Jikoni kwangu saa tatu usiku pana digrii 28, tofauti ni 10. Maji yangu yanapoa kwa nusu ya kasi. Na zaidi ya hapo, hewa yetu imejaa unyevu, kwa hiyo maji hayakimbilii kugeuka mvuke, na mvuke ndio unaobeba joto jingi. Natumia beseni kubwa la plastiki, lile la kuogeshea mtoto, nalijaza maji ya digrii 39, natia chupa zote za dawa na tangi tupu humo, nafunika na taulo. Ndani ya muda wote wa dawa ya kwanza joto linashuka kidogo sana, halifiki nusu digrii, na nikiona linataka kushuka naongeza maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Sina mashine, sina hita ya kuzungusha maji. Umeme ukikatika katikati ya kazi naendelea na tochi ya simu, maana filamu ikishaingia kwenye tangi lililofungwa mwanga hauihusu tena.

Jirani yetu aliona beseni, taulo, na mimi nimeinama pale usiku wa manane. Kesho yake akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Shoga, mmepata mtoto kimyakimya?"

Kipimajoto ndicho kilichonisumbua kuliko hita. Vile vya maabara, vya kioo, vinasoma kuanzia sifuri mpaka 100 au zaidi, na mistari yake ni ya digrii moja moja. Ukichukua viwili ukaviweka kwenye maji yaleyale, kimoja kinasema 38 na kingine kinakaribia 39. Huwezi kujua mkweli nani. Suluhisho lilikuwa duka la dawa la mtaani: kipimajoto cha homa, kile cha kidijitali cha kuweka kwapani. Fikiria kimetengenezwa kwa ajili gani. Kinasoma kati ya digrii 32 na 42 hivi, kwa hatua za sehemu ya kumi ya digrii, na mahali kilipohakikiwa zaidi ni palepale mwili wa binadamu unapokuwa na homa, yaani 37 mpaka 39. Hakuna kipimajoto cha bei rahisi kinachoifaa slaidi kuliko hicho. Kina tabia moja ya kuzingatia: kinashikilia kipimo cha juu kabisa kilichofikia. Ukikiweka kwenye maji ya 40 kisha ukakihamishia kwenye dawa ya 38, kitaendelea kukuambia 40. Lazima ukizime na kukiwasha upya kila mara, na upime dawa yenyewe ndani ya chupa, si maji ya beseni. Cha kwetu nimekifunga uzi mwekundu ili asije mtu akamtia nacho mtoto kwapani.

Ukishaipata 38, mimina dawa, pindua tangi polepole, ligonge kidogo mezani ili mapovu yatoke, rudisha kwenye beseni. Pindua tena kila nusu dakika. Anza kumwaga sekunde kumi kabla muda haujaisha. Suuza na maji ya digrii hizohizo. Ndiyo kazi yote, na ukishaizoea haina maajabu.

Usafi wa vyombo nao una neno lake. Matone machache ya fiksa yakiingia kwenye dawa ya kwanza yameiharibu, na huwezi kuyaona. Kwa hiyo kila dawa ina faneli yake, kifuniko chake, na mahali pake mezani, kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa matumizi. Natumia chupa za kahawia za kioo, zile za dawa za hospitali. Wengi hutumia chupa za soda kwa sababu plastiki yake inazuia hewa vizuri na unaweza kuikamua. Ni kweli inafaa, lakini nyumba yangu ina watoto, na mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Mbali na hilo dawa ya rangi ni kali kwa ngozi, kuna watu inawawasha mikono wiki nzima, hivyo glovu si mapambo.

Hewa ndani ya chupa ni adui wa dawa, na joto letu linaharakisha uadui huo. Hapa ndipo nakubali kwamba Tanga inatoza bei yake. Dawa ambayo kwenye nchi ya baridi ingekaa miezi, kwangu naiona inageuka rangi ya chai ya rangi mapema tu, na ikifika hapo ni ya kumwaga. Dawa za slaidi zikishachanganywa ndizo za waja leo waondoka leo kwelikweli. Nafanya mambo mawili. La kwanza ni gololi: nanunua gololi za watoto za kioo, naziosha, natumbukiza ndani ya chupa mpaka dawa ifike shingoni na hewa ikose nafasi. La pili ni kungoja. Sichanganyi dawa kwa ajili ya mkanda mmoja. Mikanda iliyopigwa nairundika kwenye friji mpaka itoshe kumaliza lita nzima ndani ya wiki moja, halafu nasafisha mfululizo. Ile ya mwisho mwisho naipa muda zaidi kidogo kwenye dawa ya kwanza, maana dawa inakuwa imechoka. Karatasi ya maelekezo huandika muda gani wa kuongeza, na ni ya kufuatwa. Pia huwa nachagua dawa ambazo blichi na fiksa ziko mbalimbali. Zile zilizounganishwa kuwa dawa moja zinapunguza hatua, lakini ndani yake kuna vitu viwili vinavyopigana, na havikai.

Kuhusu friji, kuna jambo ambalo mtu wa nchi yenye hewa kavu hawezi kulijua. Ukitoa mkanda kwenye friji ukaufungua papo hapo hapa Tanga, unalowa. Hewa yetu inaona kitu cha baridi tu inakitolea jasho. Uache kwenye kopo lake lililofungwa saa mbili au tatu, upate joto la chumba, ndipo ufungue. Mke wangu aliwahi kuuliza kwa nini filamu zinakaa juu ya kabati mchana kutwa kama zinaota jua, nikamweleza. Akasema basi na siagi nayo iwe inafanyiwa hivyo.

Maji ni suala la majira. Maji ya mji wetu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na masika yanapokolea rangi ya mto inakuja mpaka kwenye ndoo. Maji ya kuchanganyia dawa nayaacha yatulie usiku mzima, nachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne, nachemsha, napoza. Ya kuoshea nachuja tu. Lakini ya mwisho kabisa, yale yanayokauka juu ya picha, hayo sina mchezo nayo: natumia maji yaliyokenekwa, haya wanayoyaita maji ya betri, kutoka kituo cha mafuta. Soma lebo kwa makini, na muulize muuzaji, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri na chupa zinafanana. Maji ya bomba yakikaukia kwenye slaidi huacha madoa meupe ya chokaa, na madoa hayo ukiyaangaza ukutani yanakuwa makubwa kama sinia.

Kukausha. Hapa ndipo penye kazi, na laiti babu angekuwa hai ningemwambia kwamba tulikuwa tukimwogopa adui asiye mwenyewe. Joto ni rafiki. Unyevu ndio wa kuogopwa. Filamu iliyolowa imevimba, utando wake ni laini na unanata, na kwa hewa ya kwetu unaweza kubaki hivyo usiku kucha. Muda wote huo kila kinachopita hewani kinakaribishwa. Vumbi la mtaani, nyuzi za nguo, moshi wa mkaa wa jirani. Na wadudu. Utando wa filamu umetengenezwa kwa jelatini, inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama, kwa hiyo kwa mende na sisimizi hicho ni chakula kilichotundikwa. Ninayo slaidi moja ya Raskazone, bahari imetulia, mbingu safi, na katikati ya mbingu kuna mbu. Mbu mzima, miguu yote, mabawa yote, kakaukia hapo. Nilijaribu kumtoa na kisu chembamba akatoka na mbingu. Nikaacha nusu iliyobaki.

Sasa nakausha bafuni. Kwanza nafungua bomba la mvua la maji ya moto dakika chache, mvuke unashusha vumbi lote sakafuni, nangoja litulie. Nazima feni, nafunga dirisha, naziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa. Mkanda naufunga kwenye kamba kwa kibanio cha nguo juu na vibanio viwili chini ili usijikunje. Chandarua kidogo cha mtoto, kile cha mwavuli, kinaning'inizwa kuuzunguka. Halafu hakuna mtu kuingia humo mpaka asubuhi, jambo ambalo nyumba yenye bafu moja inalipokea kwa manung'uniko. Masika, yaani Aprili na Mei, sisafishi kabisa. Kusi ikishashika, Juni mpaka Agosti, ndio muda mzuri kuliko yote: hewa inasogea, usiku una ubaridi wa kuvumilika, na filamu inakauka kabla ya adhuhuri.

Anayeanza namtahadharisha na jambo moja: filamu ikitoka kwenye maji haipendezi. Ina ukungu wa maziwa, ina ubuluu usioeleweka, unaweza kudhani umeiharibu. Iache. Inapokauka inajisafisha yenyewe, inaanzia juu inakoanza kukauka, na mpaka kati ya sehemu kavu na mbichi unauona ukitelemka polepole. Ikishakauka, kabla hujaangalia picha, angalia pembeni penye matundu. Hapo hapakupigwa na mwanga kamwe, kwa hiyo panatakiwa pawe peusi tii, na namba za fremu zing'ae. Pembeni pakiwa peusi na picha zimepauka, shida ni kamera yako, ulipitisha mwanga mwingi. Pembeni nako pakiwa pamefifia, shida iko kwenye dawa au mwanga ulivuja mahali. Hivyo pembeni panakuambia ukweli ambao picha yenyewe inaweza kukuficha, na ndiyo sababu sipendi kuona mtu anakata mkanda kabla ya kuusoma.

Kwenye kupiga, pwani ina jambo lake. Slaidi haisamehe mwanga kama inavyosamehe negativu. Mchana wa saa saba, mzee kavaa kanzu nyeupe, kasimama nusu juani nusu kwenye kivuli cha mwarobaini: hapo hapana filamu ya slaidi itakayoshika kanzu na uso kwa pamoja. Kanzu ikipita kiasi inatoka tupu, plastiki kavu, na hakuna dawa wala kompyuta itakayorudisha kitu ambacho hakipo. Mimi napima mwanga kwenye kanzu yenyewe, kisha nafungua lenzi stopu moja na nusu (kila stopu huongeza mwanga mara mbili), basi. Uso ukiwa gizani namwomba, "Shikamoo mzee, sogea kidogo huku, uingie wote kivulini." Akisogea, vitu vyote viwili viko kwenye mwanga mmoja na hesabu inarudi kuwa rahisi. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri hakuna shida hiyo. Nikikosa mwanga jioni kwenye mashua zinazorudi, napiga mkanda wa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) kama vile ni wa 200, na nyumbani naiongezea dawa ya kwanza kama dakika mbili. Ule mkanda wote lazima uwe umepigwa hivyo, si nusu.

Slaidi ikishawekwa kwenye fremu, kazi ya kupigana na unyevu inaanza upya, na haina mwisho. Ukungu huota kwenye jelatini kama unavyoota kwenye viatu. Nahifadhi kwenye madebe ya plastiki yanayofungwa kwa mpira, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Waambie ndugu wasivitupe. Vikishashiba unyevu navikausha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Usiziweke slaidi kwenye mifuko laini ya nailoni ya bei rahisi. Kwa joto letu inanata juu ya picha.

Fiksa iliyotumika ina fedha iliyotolewa kwenye mkanda, na mitaa yetu ina visima karibu na vyoo, kwa hiyo simwagi uani. Inaingia kwenye dumu lenye nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Chuma kinayeyuka, fedha inaganda chini kama tope jeusi. Ni kidogo sana, asidhani mtu atatajirika. Dumu limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu na linakaa kwenye stoo ya maabara pamoja na mabaki mengine.

Siku hizi watu huniletea mikanda waliyoikuta kwenye droo za wazazi wao. Kabla ya yote nasoma kaseti, yaani ganda linalobeba mkanda. Ikiwa imeandikwa C-41 hiyo ni negativu ya rangi, ina dawa zake. Ikiwa E-6, tunazungumza. Mama mmoja wa Chumbageni alikuja na mkanda wa marehemu mumewe aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na kwenye kaseti palisomeka Kodachrome. Ilinibidi nimkalishe nimweleze. Kodachrome haikuwa na rangi ndani yake kama slaidi nyingine. Rangi ilitiwa na mashine wakati wa kusafisha, kwa utaratibu wake peke yake uitwao K-14. Kodak ilisimamisha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo huko Parsons, Kansas, ilifunga kupokea mikanda hiyo mwisho wa Desemba 2010. Rangi zile maabara za picha hazitoi tena.

"Kwa hiyo hakuna kitu, mwanangu?"

"Kipo, mama, lakini kitakuwa cheusi na cheupe, na sikuahidi."

Akafikiri. "Mimi sura yake naikumbuka na rangi yake. We nisafishie."

Zilitoka fremu chache zenye kueleweka. Alichukua zote, pamoja na zile ambazo hazikuonyesha chochote.

Kama unataka kujaribu, usianze kwa kununua vitu. Anza kwa kupiga hesabu ya mkanda, dawa na usafiri wake, kwa sababu mkanda mmoja wa fremu 36 unaweza kukugharimu zaidi ya mfuko wa mchele mzuri, na dawa za maji mashirika ya ndege hayazipendi. Dawa za unga ni rahisi kumbebesha ndugu anayekuja likizo. Kama unachotaka ni picha nyingi, simu yako inatosha na wala haina ubaya. Na mikanda ya harusi sipokei. Mikanda ya matembezi, ya shamba, ya watoto wakicheza uani, niletee tu, ila ije kati ya Juni na Agosti.